Enoch Draku wa Awindiri na Daftari la Darubini

Mtu tunayemlaza leo katika udongo wa Ayivu alizaliwa tarehe 19 Aprili 1958, hatua chache kutoka tuliposimama, katika nyumba ya Sajenti Draku na mkewe Viktoria. Mtoto wa kwanza wa nyumba hiyo hakumaliza hata mwezi. Enoch akafuata, na baada ya miaka sita akazaliwa Afedra. Wakabaki wawili. Baba yao alikuwa askari wa kutumwa huku na kule, leo Jinja, mwakani Masindi, na kila aliporudi likizo alileta Kiswahili cha kambini, ambacho watoto walikua nacho pamoja na Kilugbara cha mama yao.

Likizo moja, mwaka 1968, Sajenti alirudi na darubini ya jeshi iliyokuwa imevunjika jicho moja. Enoch, mwenye miaka kumi, aliingoja nyumba ibaki tupu, akaifungua yote kwa kisu cha kumenyea muhogo. Baba aliporudi alikuta vipande kumi na tisa vimepangwa juu ya mkeka. Hakumpiga. Alimwambia tu, "Wewe ilifungua, wewe itafunga," akaketi karibu naye. Ilichukua siku mbili. Ilipofungika, jicho lililovunjika lilibaki limevunjika, lakini lile zima likaona vizuri kuliko mwanzo, kwa sababu mtoto alikuwa amefuta vioo kwa kitambaa cha kanisani cha mama yake. Hilo la kitambaa ndilo lililomletea fimbo.

Alisoma shule ya msingi hapa Ayivu kuanzia 1965, na sekondari mjini Arua hadi 1978. Mwaka uliofuata vita vilifika huku kwetu West Nile, na kila familia yenye askari wa serikali iliyoangushwa ilijua la kufanya, kukimbia. Sajenti Draku hakuonekana tena, wala hakuna aliyewahi kutuambia alilala wapi. Enoch, akiwa na miaka ishirini na mmoja, alimtoa mama yake na mdogo wake, wakavuka kuingia Zaire, kisha wakapanda mpaka Yei, Sudan. Afedra alikuwa amechomwa na kisiki, mguu ukavimba, na siku mbili za mwisho kaka yake alimbeba mgongoni. Afedra amesimulia jambo hilo maisha yake yote, kwa mtu yeyote aliyekuwa tayari kusikiliza.

Yei ndiko kazi ilikomkuta. Kliniki ya macho ya misheni ilikuwa inatafuta mtu wa kusaga vioo vya miwani, na Enoch akakubali kabla hajaulizwa kama anajua. Alikaa pale miaka minne, akivuta vumbi la kioo kuanzia asubuhi hadi jioni, kwani siku hizo hakuna aliyewaambia wafunike pua. Gurudumu la kukatia lilimla ncha ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Mwaka 1984 misheni ilimtafutia nafasi ya masomo India, na mwaka 1989 akatoka huko na shahada ya uhandisi wa vioo na mwanga. Alifanya kazi Nairobi miaka mitano, akitengeneza hadubini za hospitali na mitambo ya wapima ardhi. Machi 1994 alirudi Arua, akafungua karakana ndogo Awindiri, nyuma ya nyumba mnayoijua wote.

Aliishi kwa kutengeneza miwani na hadubini. Alichokuwa anakipenda ni kingine. Alitaka mtu wa kawaida, mkulima au mwalimu au mwenye duka, aweze kujitengenezea darubini ya kutazama nyota kwa mikono yake, bila kuagiza hata kitu kimoja kutoka ng'ambo. Waliokuwa wakifanya kazi hiyo katika nchi nyingine walitumia vifaa vya madukani ambavyo hapa havikuwepo. Enoch alitumia miaka mitano kutafuta mbadala wa kila kimoja. Mchanga wa mto Enyau, wa kusagia kioo, aliuchekecha na kuuchuja katika mabeseni sita ya maji, kila beseni laini kuliko lililotangulia, mpaka la mwisho likawa kama unga wa uji. Utomvu wa misonobari aliuchanganya na nta ya nyuki kwa ajili ya kung'arishia. Vioo vinene alivipata Koboko kwa rafiki yake Faruk, muuza vioo, aliyemwekea kaunta za zamani zilizong'olewa madukani. Kupima kama kioo kimetoka sawa alitumia wembe na balbu ya tochi, na kwa hivyo viwili aliweza kuona kosa jembamba kuliko unywele mara elfu.

Ilibaki bomba la kubebea kioo, na hilo ndilo lililompa mke. Mwaka 1995 alifika kwenye kibanda cha Natalina, aliyekuwa anauza vitambaa katika soko la Arua, akauliza bei ya jora zima la khanga. Natalina akafurahi, akaanza kulishusha. Enoch akamzuia. "Kitambaa baki nayo," alisema. "Mimi nataka ile karatasi ngumu ya ndani." Natalina aliwaambia wenzake kwamba kuna mwendawazimu aliyevaa viatu safi. Mwendawazimu akarudi wiki iliyofuata, na iliyofuata tena, hata karatasi ngumu zilipokwisha. Walifunga ndoa tarehe 16 Desemba 1995. Mungu akawajalia watoto wawili, Linda mwaka 1997 na Drani mwaka 2000.

Darubini ya kwanza ilikamilika Juni 1999. Jioni ile majirani wa Awindiri walipanga foleni kuona pete za sayari ya Zohali, na wapo walioangalia mbele ya bomba wakitafuta mahali alipobandika picha. Baada ya hapo watu walianza kuja kujifunza. Jumamosi karakana ilijaa. Alipopata nafuu ya kazi alikwenda Koboko, akafundisha walimu katika ghala la Faruk, Waislamu na Wakristo wakisugua vioo upande kwa upande. Walipokuja wakimbizi wa Sudan Kusini, aliwakaribisha kwa namna ya mtu anayelipa fadhila, maana Yei ilimpokea. Mmoja wao, Night Poni, alitengeneza kioo chake cha kwanza ndani ya miezi mitatu, na Enoch alisema hadharani kwamba kilikuwa safi kuliko cha kwake cha mwaka 1999.

Kila alilojifunza aliliandika katika daftari moja kubwa lenye jalada jeusi, kwa Kiswahili chepesi na michoro mingi. Alilianza mwaka 2001. Watu walimwomba alichapishe, naye kila mwaka alijibu kwamba bado, kuna sura moja haijakaa sawa. Alilifungia katika sanduku la bati, na ufunguo akauficha katika kopo la nta.

Katika hadithi hii yuko mtu aitwaye Duku. Familia ilijadiliana kama atajwe. Enoch alitaka atajwe, kwa hiyo anatajwa.

Duku alikuja mwaka 2007, mwalimu kijana wa fizikia kutoka Koboko, mwenye akili na mikono mizuri. Alikuja kila Jumamosi kwa miaka kumi na mmoja. Alikula katika nyumba hii, alilala katika nyumba hii mvua ilipokata barabara, na Enoch alimwita mwanangu mbele ya watu. Hakumficha neno lolote la kazi, ila daftari. Hilo alisema atampa siku litakapokamilika.

Tarehe 7 Machi 2019, Faruk alifika kutoka Koboko na kitabu kilichochapwa vizuri, kimegawiwa shuleni na shirika moja kutoka nje. Kilifundisha kutengeneza darubini kwa mchanga wa mto, utomvu na nta, wembe na balbu. Juu ya jalada kulikuwa na jina moja, Duku. Faruk hakukaa hata kunywa chai. Alisema hakutaka Enoch aisikie habari hiyo kwa mtu asiyemjua, akaondoka ameinamisha kichwa.

Enoch alikisoma chote siku ile. Ukurasa wa arobaini na moja ulikuwa na mchoro wa jinsi ya kushika kioo. Ulikuwa mkono wa kushoto, na kidole kidogo kilikuwa kifupi, hakina ncha.

Jumamosi yake alikwenda Koboko, nyumbani kwa Duku. Aliweka kitabu juu ya meza, akafungua ukurasa ule, akalaza mkono wake juu ya picha. Duku aliuangalia mkono, kisha picha.

"Mzee, kila mwaka ulisema bado," alisema. "Hiyo daftari ingeliwa na mchwa. Sasa watoto wa shule ishirini wanaisoma."

"Na jina?"

Duku alieleza kwamba wafadhili walitaka mtu mmoja wa kusimama mbele, mtu wa kusafiri na kuzungumza, na kwamba alikusudia kuweka jina la Mzee toleo la pili. Enoch hakumkatiza. Alipomaliza, alimuuliza jambo moja tu.

"Nani alikupatia daftari?"

Duku hakujibu. Aliulizwa mara tatu, na mara tatu aliangalia sakafu. Kimya hicho kilimkinga mtu mmoja na kumponza mwingine.

Waliojua ufunguo ulipo, kwa hesabu ya Enoch, walikuwa watu wawili. Natalina alimtazama usoni akasema si yeye, naye akaamini. Akabaki Afedra. Na Afedra, miaka miwili nyuma, alikuwa amemwambia mbele ya watu, "Hiyo daftari itakufa na wewe. Mpe Duku aichape." Ilikuwa shauri la ndugu, lakini sasa lilisikika kama ushahidi.

Enoch alimfuata Inde, alikokuwa anauza mbao, akamkuta na wateja. Alimwambia mbele yao, "Wewe iliuza mimi." Afedra alisema hajawahi kugusa sanduku. Alisema mara moja, hakuapa, hakupandisha sauti. Enoch akamwambia asikanyage tena kiwanja chake. Mtu aliyebebwa mgongoni na mtu aliyembeba wakaacha kusalimiana. Wakati Drani anaoa, mwaka 2020, kiti cha baba mdogo kilikuwa kitupu. Na Agosti 2022 mke wa Afedra, Agnes Keji, alipofariki, Enoch hakwenda kuzika. Watu wa Inde hawajalisahau hilo, na wana haki.

Familia inapaswa sasa kusema kweli, na kweli ni kwamba Afedra hakugusa sanduku. Aliyelifungua ni Linda, binti wa marehemu, ndiye anayewasomea maneno haya.

Alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Duku alikuwa amemwambia yale ambayo msichana wa umri huo huyaamini, na aliongeza kwamba anataka kulichapa daftari kwa siri, liwe zawadi ya Mzee kwa mwaka wake wa sitini, Krismasi itakapofika. Linda alikuwa amemwona baba yake akitoa ufunguo katika kopo tangu utotoni, ila Enoch hakuwahi kumhesabu. Ijumaa ya tarehe 17 Agosti 2018, baba yake akiwa safarini, alilitoa daftari. Duku alitoa nakala ya kurasa zote mjini, akalirudisha daftari siku ya pili. Krismasi ilikuja ikapita. Duku aliacha kupokea simu za Linda, na kitabu kilipotokea moyo wake ulikuwa umekwisha kuhamia Kampala, ingawa nyumba ya Koboko bado ilikuwa yake. Mwaka 2020 alioa mwingine.

Angeweza kusema siku ile Faruk alipoleta kitabu. Angeweza kusema siku baba yake alipokwenda Inde. Alijiambia kwamba atasema hasira ikipoa, na hasira haikupoa, na kila mwezi uliopita ulifanya kusema kuwe kugumu zaidi. Kwenye mazishi ya Agnes Keji alikwenda yeye peke yake kutoka nyumba ya Enoch. Alipika, akaosha vyombo vya waombolezaji, akamwona baba yake mdogo amekaa bila kaka wa kukaa naye. Afedra alimshukuru kwa kuja. Linda akarudi Awindiri, hakusema.

Enoch hakuacha kazi. Alivifuta baadhi ya vifungu vya daftari na kuviandika upya, akamaliza ile sura iliyokuwa haijakaa sawa, na mwaka 2023 akaruhusu yeyote anayetaka atoe nakala bure, mradi asifute jina lililo ukurasa wa kwanza. Lakini Jumamosi hazikurudi kama zamani. Alifundisha mlango ukiwa wazi na sanduku likiwa limefungwa, na mwanafunzi aliyeuliza maswali mengi alimtazama kwa jicho lingine. Night Poni ndiye aliyebeba mafunzo mabegani. Natalina anasema mumewe alianza kulala kidogo mno, na kwamba alikuwa akizungumza peke yake karakanani, akijibu hoja za mtu ambaye hakuwepo.

Kikohozi kilianza mwaka 2021. Walidhani ni ugonjwa wa wakati ule, kisha kifua kikuu. Septemba 2023 madaktari wa Kampala walionyesha picha ya mapafu yaliyojaa makovu ya vumbi la kioo, vumbi la Yei, lililokaa ndani yake miaka arobaini likifanya kazi polepole. Hakukuwa na dawa ya kulitoa. Alirudi Arua na mtungi wa hewa, akaendelea kupima vioo vya wanafunzi akiwa ameketi.

Jumapili ya tarehe 26 Januari mwaka huu, baada ya ibada, Linda alipiga magoti kando ya kitanda chake akamweleza yote, kuanzia kopo la nta mpaka vyombo vya Inde. Enoch alisikiliza macho yakiwa wazi.  Neno lake la kwanza halikuwa la kumhusu Linda.

"Basi Afedra alilia bibi yake Agnes peke yake, bure," alisema. "Ita yeye."

Afedra alikuja siku ya pili yake kwa bodaboda. Alisimama mlangoni kwanza, maana miaka karibu sita alikuwa amekatazwa kuupita. Enoch alitaka kuinuka, hewa ikamkataa. Akamwambia akiwa amelala kwamba alimkosea, na kwamba hana kitu cha kutoa badala ya mazishi ambayo hakuyahudhuria.

"Mimi nilipita njia ya nyuma kwenda soko," Afedra alisema, "nisione mlango yako. Miaka sita, Enoch." Kisha akavuta kiti. Alibaki kwenye kiti hicho siku kumi, akimwinua na kumgeuza, na hakuna aliyesikia wakizungumza mengi.

Linda alimwomba baba yake msamaha mara ya kwanza siku ile ile ya Jumapili, na mara ya pili Jumatano. Jumatano ndipo alipomjibu. "Wewe iko mtoto yangu," alisema. "Hiyo haiwezi kubadilika. Lakini kusamehe, bado." Akaongeza kwamba Linda ndiye atakayeandika habari za maisha yake na kuzisoma kaburini, na asome zote, asimpake Duku rangi wala asijipake mwenyewe. Linda aliuliza kama hiyo ni adhabu. Alisema hapana, ni kwamba Afedra alishutumiwa mbele ya watu, na asafishwe mbele ya watu.

Hakuwahi kulirudia jambo hilo. Kuna waliotushauri tuandike kwamba alisamehe wote kabla ya kufa, kwa kuwa ndivyo inavyoandikwa. Alisema bado, na ndilo tulilo nalo.

Enoch Draku alikata roho Alhamisi tarehe 6 Februari 2025, saa nane mchana, nyumbani kwake Awindiri, mkono wake ukiwa katika mkono wa mdogo wake. Alikuwa na miaka sitini na sita. Kwa hesabu ya Night Poni, darubini zilizotengenezwa kwa njia yake katika Arua, Koboko na kambi za wakimbizi zimepita mia moja na arobaini. Daftari, Enoch amemwachia Night Poni, na karakana itaendelea kufunguliwa Jumamosi.

Duku ametuma ujumbe kwamba anakuja, na ameomba aseme maneno machache. Akiwa yumo kati yetu, ametengewa nafasi ya kukaa kama waombolezaji wengine. Nafasi ya kusema hakupewa.

Marehemu ameacha mjane, Natalina, watoto wawili, Linda na Drani, mkamwana mmoja, mjukuu mmoja, Viktoria, mwenye miaka mitatu, rafiki yake Faruk wa Koboko, aliyemhesabu kama ndugu, wanafunzi wengi, na mdogo wake, Afedra, mtu mwaminifu. Afedra ndiye atakayetangulia kutia udongo. Enoch aliliomba hilo, naye amekubali.

Mungu ampokee Enoch, na ampe ule usingizi ambao miaka hii sita tulimnyima.